Kwa Tata, Aliyepofushwa na Gongo

Mpendwa Tata,

Tangu tukuzike, baba yangu, sijatulia. Napalilia migomba nusu shamba, naacha. Naenda kanisani Kashozi, padri anahubiri, mimi nasemezana na wewe.

Kabla ya vita ulikuwa mtu wa lubisi ya harusini tu, pombe yetu ya ndizi. Ndizi zake ulizikanyaga mwenyewe huku ukiimba. Kisha ukaenda na mgambo kupigana ng'ambo ya mpaka. Uliporudi mzima tulicheza ngoma, lakini debe likianguka jikoni ulijitupa chini. Ukaanza gongo. "Inaninyamazishia kelele," ulimwambia Mama.

Siku tulipomzika baba mdogo Laurenti, aliyemalizwa na ugonjwa tuliokuwa tukiogopa kuutaja, ulipewa heshima ya kutupa udongo wa kwanza. Ukautupa, na kwa ulevi ukaanguka nao kaburini. Wanaume wakakuvuta kwa shati. Mama akajifunga kanga, akasema mbele ya wote: "Huyu kachukuliwa na maradhi. Wewe unajichukua mwenyewe!"

Ukahamia kisiwa kimoja cha Muleba, kwa wavuvi.

Habari zako alituletea mama mmoja muuza dagaa. "Baba yenu haoni. Wamekunywa gongo mbaya, wenzake wamekufa." Nikapanda mtumbwi wa mashine. Nilikukuta umekaa kando ya dagaa walioanikwa, uso umeuelekeza kwenye jua kali bila kupepesa macho.

"Shikamoo, Tata."

"Nani?"

"Mimi Koku."

Ukanipapasa uso, ukalia. "Mama yako atanipokea?"

"Sijui, Tata."

Kwa kweli sikujua. Tulipofika uwanjani kwetu Mama alitoka, akakutazama. Kisha akanipokonya mkono wako. "Hapa pana ngazi," akasema. "Inua mguu."

Siku za mwanzo ulitetemeka, ukaita askari wenzako waliokufa, ukatutukana kwa kukunyima gongo. Mama hakukuachia. Hukunywa tena hadi kufa kwako, ila macho hayakurudi. Na mimi nilikukasirikia, Tata. Bado nakukasirikia, halafu nakumbuka jinsi ulivyokuwa ukijitupa chini, hasira inageuka machozi, kisha inarudi.

Nakuandikia kwa sababu ya Projesti, kitinda mimba wako. Jana nilimfuata mtaani Kashai anakopanga chumba. Nilimkuta amelala sakafuni mchana, amejitapikia gongo. Amewazika rafiki zake wengi mno kwa ugonjwa uleule wa baba mdogo.

"Ni kidogo tu, dada," akasema.

"Tata naye alisema hivyo."

"Mimi si Tata."

Nikaketi palepale sakafuni, nikakataa kuondoka. Jioni akaniambia, bila kunitazama, kwamba anaogopa. Leo asubuhi nampeleka hospitali ya misheni, wamsaidie kuacha gongo. Amekubali kwa shingo upande. Sasa hivi anafunga viatu. Akigeuka njiani, nami nitageuka naye, niketi tena sakafuni.

Pumzika wewe, Tata. Mimi bado.

Binti yako,
Koku