Tangu Maagizo Yaanze Kuja Yenyewe

Changamwe, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepunguza maumivu, na uwe unalikanda kwa dawa kama ulivyoambiwa hospitalini, si kulifunga kitambaa tu na kuendelea na shughuli zako. Husna hajambo? Najua ndiye anayekusomea. Husna mwanangu, soma polepole, usiruke maneno, na bibi akikwambia rudia, rudia. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, lakini ni mwili tu. Moyo hautulii tangu Ramadhani ipite, na kwenye simu siwezi kukueleza, kwa sababu kila nikianza mtandao wa huko Faza unakatika. Ndiyo maana nimeandika, nimpe binamu Athmani akuletee.

Umeniuliza kwa nini sauti yangu imechoka. Ni kazi, mama, ingawa si ya kubeba wala ya kusimama. Unajua kwamba hapa kiwandani tunasaga viungo, tunavitia kwenye pakiti na kuviuza, na mimi ndiye ninayepokea maagizo. Mnunuzi wetu mkubwa ni kampuni moja yenye maduka pwani nzima. Agizo lao lilikuwa likija hivi: mwanamke mmoja kwenye ghala lao la Kisauni, jina lake Naomi, anaandika kwenye kompyuta yake wanachotaka, anakituma kwa barua pepe, nami nakiandika upya kwenye kompyuta yetu. Mzigo ukishafika, mimi naandika ankara ya kudai malipo, naye anaiandika upya kwao. Kitu kimoja kikiandikwa na watu wawili, na tukikosea tunapigiana simu. Miaka yote hiyo nilimjua Naomi kwa sauti tu. Yeye ni wa Ukambani, na alikuwa akinicheka ninavyoitika "naam" kama kizee.

Mwaka huu kampuni ile ikatangaza kwamba haitaki tena mambo ya kuandika na kuandika upya. Kila anayewauzia lazima kompyuta yake iunganishwe na yao, agizo litoke kwao liingie kwetu lenyewe, na ankara itoke kwetu iingie kwao yenyewe. Asiyeweza, nafasi yake kwenye rafu za maduka yao apewe mwingine. Bwana Salim, mwenye kiwanda, akaniita. "Mwanaisha, hili nakukabidhi wewe," akasema. "Wale akina mama wa kupakia viungo wote wanakula kwa mnunuzi huyu. Tukimkosa, sijui nitawaambia nini." Nikasema inshallah litawezekana. Nilidhani fundi atakuja na waya zake, aunganishe, aende zake.

Kumbe sehemu ya fundi ilikuwa ndogo. Alipomaliza alituambia kwamba kompyuta mbili haziwezi kuelewana mpaka watu wenyewe waelewane kwanza. Sisi tuna jina letu la pilipili manga ya pakiti ndogo, wao wana lao. Sisi tukisema boksi, ni boksi kubwa la kusafirishia. Wao wakisema boksi, ni kale kadogo kanakokaa dukani. Basi mimi na Naomi tukawa na simu sikioni kutwa, tunapitia bidhaa moja baada ya nyingine, kila moja tunaipa namba itakayotumika huku na huko. Agizo la kwanza la majaribio lilipoingia, lilitutaka tupeleke mdalasini wa kujaza lori. Naomi alicheka mpaka akakohoa. "Sasa hiyo ni boksi ya nani, Mwanaisha, yenu ama yetu?"

Tukarekebisha, tukajaribu tena. Katikati ya namba hizo akanisimulia kwamba amepanga chumba Mjambere, analea watoto wake wawili peke yake, na mama yake anamngoja kule bara aende kumtazama. Nami nikamsimulia juu yenu. Nilikuwa nimechoka, lakini mama, nilifurahi. Mtu akikaa mbali na kwao anashukuru kupata wa kuzungumza naye.

Maagizo yakapita vizuri. Zikabaki ankara, na hapo tukakwama. Kila niliyotuma ilirudi na maneno yaleyale, kwamba mahali pa kupokelea mzigo hapajulikani. Fundi akakagua, akasema upande wetu ni safi. Ni namba ya ghala upande wa pili, imebaki ya zamani, na anayeishika orodha hiyo ni Naomi. Nikampigia. "Nitaangalia," akasema. Kesho yake akasema bado anaangalia. Baada ya hapo akawa hapokei.

Muda tuliopewa ulikuwa unayoyoma. Bwana Salim alikuwa akija mpaka mlangoni kwangu, haulizi kitu, anasimama tu, kisha anaondoka. Akina mama wa kupakia wakinipita wananyamaza. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama sijui naenda wapi. Mwishowe nikamtumia Naomi ujumbe kwamba Jumamosi nitakwenda kwake. Nilidhani hatajibu. Akanitumia maelekezo ya nyumba.

Nilipitia sokoni Kongowea nikanunua ndizi za kuwapelekea watoto, na njia nzima nilikuwa napanga maneno makali. Alinifungulia mwanamke mfupi, mwembamba, mdogo kuliko sauti yake. Akanitolea kiti kizuri, yeye akakaa kwenye ndoo aliyoipindua, akanitilia chai.

"Naomi," nikamwambia, "ile namba ya ghala ni ngumu kubadilisha?"

"Si ngumu. Ni kitu ya dakika moja."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ile siku ya kwanza ulinipigia." Akaweka kikombe chini. "Wale tulikuwa tunaandika maagizo na wao wote wameshaenda nyumbani. Kila kampuni ikiunganishwa, mmoja wetu anatoka. Nyinyi ndio mmebaki, na mimi ndio nimebaki. Nikibadilisha hiyo namba, sina kazi. Nilikuwa najiongezea siku za kazi, Mwanaisha. Sikuwa nataka kukuumiza."

Nilimweleza tu juu ya akina mama wa kupakia, kwamba nao wana watoto. Hakubisha. Akawagawia watoto wake ndizi pale kitandani. Kisha akasema, "Jumatatu asubuhi nitabadilisha. Lakini niambie, ungekuwa mimi ungefanya nini?" Niliosha kikombe nilichonywea, mama, nikaaga.

Jumatatu ankara ikapita. Bwana Salim akaleta halwa na kahawa kwa kiwanda kizima, akaniuliza tatizo lilikuwa nini. Nikamwambia palikuwa na namba ya zamani upande wao. Ilikuwa kweli, ila si kweli yote.

Tangu hapo maagizo yanakuja yenyewe. Asubuhi nikifungua kompyuta nayakuta yamekwishapangwa, hayana kosa, na mimi kazi yangu ni kuyatazama. Simu niliyokuwa nikiilalamikia haiiti tena. Napanga upya faili zilizopangika, naenda mpaka getini, natazama malori yanayoelekea bandarini Kipevu, narudi. Mwisho wa mwezi Naomi akaachishwa kazi.

Haukupita muda, mnunuzi wetu wa pili akataka naye tuunganishwe vivyo hivyo. Bwana Salim akawa anafikiria kumwita fundi tena. Nikamwambia yupo mwanamke aliyewaunganisha wauzaji chungu nzima akiwa upande wa pili, na sasa yuko nyumbani. "Mlete nimwone," akasema.

Naomi akaja amevaa nguo zake za kanisani. Bwana Salim alimkaribisha, akamuuliza habari za kwao na za watoto, kama ilivyo desturi yake. Kisha akamuuliza kule alitokaje. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, nikingoja aseme kwamba kazi iliisha, na lingekuwa neno la kweli.

"Kazi iliisha," Naomi akasema. "Lakini kabla iishe niliwachelewesha nyinyi. Ile namba ya ghala nilikuwa naijua, nikaiacha kwa kusudi. Ni vizuri ujue kabla hujaniandika."

Bwana Salim akavua miwani. Akanigeukia mimi.

"Mwanaisha, wewe ulijua?"

"Nilijua, Bwana."

"Tangu lini?"

"Kabla ya ile halwa."

Akatuambia twende, ataniita. Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Naomi aliniaga getini, akaniomba radhi, nikamwambia hana la kuniomba. Siku zile za kungoja, mama, nilikunja nguo zangu zote nikaziweka juu ya sanduku. Niliona wazi kwamba nitarudi Faza, na sikujua kama nahuzunika au napumua.

Alhamisi akaniita. "Mwambie Naomi aanze Jumatatu, kwa miezi mitatu, tuone," akasema. "Mtu aliyesema mwenyewe jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, naweza kufanya naye kazi. Wewe ndiye ambaye bado nakufikiria." Ameniacha kwenye kazi yangu, na ananiamkia kila siku kama kawaida, lakini tangu hapo jambo hilo hajalitaja tena, wala mimi sijathubutu kumuuliza.

Sasa tunatumia meza moja, Naomi upande ule na mimi upande huu. Anafanya kazi vizuri kuliko mimi, nakwambia bila wivu. Lakini mnunuzi huyu wa pili akishaunganishwa, kutazama kompyuta inayojifanyia mambo yake hakuhitaji watu wawili. Mimi nalijua hilo, naye analijua, na hatujalisema. Jana fundi alitupigia akasema kwa mwendo huu tutamaliza kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipoweka simu chini, nikamtazama Naomi, naye akanitazama. Kisha akavuta kiti chake karibu, akaniuliza, "Tuanze na bizari ama iliki?"

Nisalimie mjomba Shee, mdogo wako, na mkewe aliyejifungua. Bi Khadija jirani mwambie kanga zake nimempa Athmani. Mwalimu wa Kurani wa chuoni mpe salamu, asichoke na Husna. Nawe mama, usiniambie nirudi wala usiniambie nibaki. Niombee dua tu.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha