Safari za Kaskazini Amepewa Achieng

Mama,

Safari zako za kaskazini amepewa Achieng. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe, kabla hujasikia kwa wengine, kama huko mliko bado watu wanapiga umbea.

Alikuja hapa Herndon Jumapili baada ya ibada, na sufuria ya kuku mkononi na mtoto wake mgongoni. Baba alikuwa amelala kitini na viatu vyake, ndivyo anavyolala siku hizi. Achieng alikulilia kwanza, akakulilia vizuri, kwa jina. Kisha akapangusa uso na kuniambia, kama mtu aliyeleta habari njema asijue aiweke wapi: "Neema, nimeget zile safari za mamako."

Unajua kampuni yenu inavyowapanga wahudumu wa ndege. Mkongwe huchagua safari kwanza. Ulipokufa, kila aliyekuwa nyuma yako alisogea mbele nafasi moja. Hakuna aliyekufanyia ubaya. Walikufuta tu, wakasogea.

Nawe ulizipenda safari hizo. Kutoka uwanja wa Dulles mnapita juu kabisa ya dunia, karibu na ncha, mpaka Asia. Saa nyingi angani, halafu siku nyingi nyumbani. Ulizichagua kwa ajili yangu. Ulikuwa unarudi, unalala kutwa, ukiamka unanisuka nywele na kunilazimisha niseme Kiswahili. Nikikujibu kwa Kiingereza unajifanya kiziwi. Mama za wenzangu walirudi jioni wamechoka, hawana la kusema. Mimi nilikuwa na mama mzima, siku nzima. Na kumbe huko huko juu, na huko huko kaskazini, ndiko mionzi ya kutoka anga za mbali inakowapata watu zaidi.

Uliambiwa. Nilipokuuliza ukiwa tayari umelazwa, ulisema mwalimu wenu aliwagusia siku moja darasani, kwamba ni kidogo tu, kama kupigwa picha ya kifua, akaendelea na somo la kufungua milango ya dharura. Hukuniambia miaka yote ile.

Nilipoanza kazi ya kupiga eksirei kule Fairfax, ulikigusa kile kipimo kwenye shati langu ukauliza kama ni beji ya kwaya. Nikakueleza kuwa kinapima mionzi inayonipata, na hospitali hukichukua na kukisoma. "Basi na mimi wangenipa," ukasema, ukaomba chumvi. Mama, mimi najificha nyuma ya ukuta wa madini ya risasi, hainifikii hata kidogo, na napimwa. Wewe uliyekaa ndani ya mionzi hiyo miaka yote hukupimwa na mtu, maana hapa sheria haimlazimishi mwenye ndege kuwapima.

Daktari wako alikuwa mkweli, na ukweli wake ndio ulionichoma. Alisema huenda ni mionzi, huenda si mionzi, huenda saratani ile ile ingekupata hata kama ungebaki Moshi unauza vitenge. Kampuni nayo ilijibu hivyo hivyo, kwa adabu zaidi. Kwa hiyo sina wa kumchukia. Nimejaribu. Hata ulipokuwa unarudishwa nyumbani kuzikwa, wewe chini na masanduku, mimi na Baba juu yako tukiletewa chai, niliwaza kitu kimoja tu: leo mionzi haikudhuru tena.

Basi Jumapili hiyo nikamwambia Achieng yote. Sikumbembeleza. Alikuwa anamlisha mtoto uji, nami nikamweleza wiki yako ya mwisho, kidonda cha titi kilivyonuka mpaka jirani akauliza, mfupa wa nyonga uliovunjika wewe ukigeuzwa tu kitandani, na siku ile uliposhindwa kumtambua Baba ukamwomba kwa upole afunge mkanda, tunakaribia kutua. Nilitaka aumie. Niliona anaumia, na sikunyamaza.

Alimaliza kumlisha. Akamfuta mdomo.

"Safari fupi ni za kila siku," akasema. "Huyu nitamwona saa ngapi?"

Nikamwambia aombe kazi ya ardhini, ya kaunta uwanjani. Akasema ameshaomba, zimejaa. Kisha akanitazama usoni.

"Mamako ndiye aliniambia nizingoje. Alisema ndizo zilimpa nafasi ya kukulea."

Wewe ungemjibu nini? Mwili wote huu uliulea kwa siku zile, Mama, na siwezi kukurudishia hata moja.

Baba kumbe alikuwa macho. Alisema, bila kumtazama yeyote, kwamba Achieng akipaa mtoto aletwe hapa. Ni maneno mengi kuliko aliyosema tangu tukuzike. Alhamisi Achieng anaondoka, na kitanda cha mtoto nimekiweka chumbani kwako. Nguo zako nimezitoa. Niligombana na Baba, aliyetaka koti lako la kazini libaki. Mwishowe akalitupa yeye mwenyewe.

Lala sasa. Nami nakuahidi hili: kila mwaka nitampeleka Achieng akapigwe picha ya matiti, hata kwa kumburuta. Nitampiga picha hiyo mimi. Na kama siku moja kitu kitaonekana, nitakuwa wa kwanza kukiona, na nitamwambia hapo hapo.

Mwanao,
Neema