Dani Alipokataa Maji

Annandale, Virginia
9 Novemba 2025

Mpendwa Mama Mdogo Akinyi,

Kabla ya salamu, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Kwa siku kadhaa nilikuwa namwaga maji ya Dani kwenye sinki, halafu namwambia Mama ameyanywa. Dani ndiye aliniomba. Nimeona nianze na hilo, la sivyo nitaandika habari za baridi mpaka karatasi iishe.

Sasa, hujambo? Mguu wako unaendeleaje? Watoto wameshafunga shule? Sisi tuko salama. Mdogo wangu Ryan amenipita urefu na hanipi amani.

Dani, mama yenu na bibi yetu, hajambo kidogo. Ile saratani haitibiki tena, hilo unalijua, lakini maumivu yametulia tangu aanze matone ya chini ya ulimi. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni kwa sababu ngazi hawezi. Muuguzi anayekuja nyumbani anaitwa Leokadia, Mtanzania wa Bukoba. Siku ya kwanza alikunja magoti akasema, "Shikamoo, mama." Dani akanigeukia: "Huyu ananisalimia kama mimi ni mwalimu mkuu!" Walicheka wote wawili.

Nimemwona akimwosha. Anamfunika shuka mwili mzima, anafunua mkono mmoja, anauosha, anaukausha, anaufunika, ndipo anaenda kwa mwingine. Kila mara anaomba ruhusa kwanza, hata Dani akiwa amesinzia. Kwa hivyo Mama Mdogo, ukipiga simu ya video, tafadhali uliza kama yuko tayari. Sisi tulikuwa tunamwelekezea tu kamera usoni, hata kitambaa hajafunga kichwani.

Kuhusu yale maji. Baba anafanya kazi usiku, mchana yuko nyumbani, na kwenda jikoni ni lazima apite sebuleni. Kwenu mkwe hawezi kumkuta mama mkwe akisaidiwa haja kitandani, unajua kuliko mimi. Basi Dani akaacha kunywa. "Nikinywa nitakojoa," aliniambia, "na ukisema tutakosana." Mimi unanijua, kusema kunanishinda hata bila kukatazwa.

Mama aliona Dani anazidi kukauka, na eti anakunywa. Akadhani ndiyo mwisho, akaanza kusema heri apelekwe nyumba ya wagonjwa. Dani alisikia. Aligeukia ukuta siku nzima. Yeye anataka kufia hapa, kwetu.

Jumatano Leokadia alimtazama Dani midomo, kisha akanitazama mimi. Akamtuma Baba dukani akanunue taulo laini. Baba alipotoka, akamwinamia Dani. "Mama, nani hapa anakunyima raha?"

Dani akasema, "Si ni huyu mkwe. Anapita hapa kwenda kwa friji. Sasa mimi nitafanya aje?"

Leokadia hakucheka, wala hakumwambia kwamba hapa ni Amerika. Tulisukuma kitanda hadi chumba cha kulia, Ryan akatundika shuka mbili nzito mlangoni. Baba aliporudi, Leokadia alimwomba mchana awe anaingilia mlango wa nyuma, ule wa jikoni, na apige simu kwanza. Sababu hakuitaja. Baba alijikuna kisogo. "Asante, dada. Hata mimi nimekuwa nikibeba sahani naenda kulia kwa gari."

Jioni hiyo Dani alimaliza kikombe kizima cha chai, akaomba kingine. Hatapona, lakini habari ya kuhamishwa imeisha.

Leokadia alinivuta kando akiondoka. "Mama yako nitamweleza kwamba alikuwa hanywi, na kwa nini. Nani alimwaga, hilo utamwambia wewe."

Siku nne sasa sijaweza. Na Mama, ambaye kazi yake ni kutunza wazee wa watu, anajilaumu kwamba mzazi wake mwenyewe alikauka mbele ya macho yake. Jana aliniuliza, "Lorraine, mimi nilikuwa naangalia wapi?" Nikajifanya natafuta chaja.

Nisalimie Baba Mdogo Tobias na watoto wote. Dani anawatakia usingizi mzuri na nyumba isiyokosa chakula, na mimi nasema amina.

Namsikia Mama anapanda ngazi. Mlango wangu hauna kufuli. Kawaida ningeisukuma barua hii chini ya mto. Naiacha mezani, ukurasa wa kwanza ukiwa juu.

Mtoto wa dada yako anayekupenda,
Lorraine