Nilivyomwita Mama Getini

Jumanne, 14 Machi

Fetti anajiona sana! Tangu baba yake anunue televisheni, eti sote lazima tuwaite mama zetu mami.

Asubuhi nilisema darasani, "Nimesahau daftari la jiografia, Mayu ataniletea." Ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama. Wakacheka mpaka mwisho wa darasa.

"Mayu ndiyo nini? Acha ushamba, wewe!" Fetti akasema. Na bibi yake yuko kijijini Mlali analima maharage, hajawahi kuitwa mami na mtu yeyote. Nani kampa mamlaka? Jibu hilo la kumpa nimelipata sasa, nikiwa peke yangu.

Saa nne mama alimwachia mlinzi wa getini daftari, akaanza kuondoka. Fetti alikuwa kando yangu. Nikaita "Mami!" kwa sauti ya kuigiza, kama yake. Hakugeuka. Nikaita tena. Akazidi kwenda na khanga yake mabegani.

Najichukia kuliko ninavyomchukia Fetti.

Jioni tukichambua mchicha, mama akasema, "Mwanangu, leo getini kwenu kuna mtoto alimwita mama yake mara mbili. Masikini, hakuitikiwa."

Nikainamia mchicha. Sikuweza kusema, "Mayu, ni mimi."