Uzio wa Soksi

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni magoti tu yanayonibishia asubuhi. Wewe na mashine zako za kuchomelea mnaendeleaje? Macho unayakinga?

Huku uzio wa mbao umelala chini, mchwa wamemaliza kazi yao. Soksi alitoka Jumatatu, pikipiki ikamkanyaga mguu wa nyuma. Anatembea kwa mitatu, ila jeuri yake haijavunjika. Wewe unawatengenezea watu mageti kila siku. Niambie, nimwekee mbwa huyu uzio gani?

Mama yako

12 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na Soksi, pole na magoti. Mimi sijambo, macho nayakinga. Nimekupigia simu mara tisa, hupokei. Umenisusa tangu niliposema uhamie kwangu?

Weka mabati, marefu kunishinda mimi. Mbwa asichokiona hatakitamani. Nitawatuma mafundi wangu wayalete.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijakususa, mtoto hasuswi. Simu ndiyo mbovu.

Mabati sitaki. Yatachoma maua yangu kwa joto, na mimi nikishona barazani napenda kuona wapita njia. Niwekee wavu wa waya.

Mama

27 Machi

Mama, shikamoo.

Maua yatapandwa mengine. Wavu ni kumwonyesha mbwa barabara halafu kumkataza kwenda. Ataruka, atachimba, na safari ijayo haitakuwa pikipiki, litakuwa lori. Mafundi wameshapakia mabati. Tafadhali, wafungulie.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nimekawia kwa sababu barua hii nimeichana mara tatu.

Mabati yalisimama vizuri, na mafundi wako wana adabu. Ila kuna jambo nimekuficha. Simu si mbovu. Mabovu ni masikio yangu, kidogo kidogo, tangu mwaka juzi. Sindano ya cherehani ikikatika naiona kwa macho, siisikii. Soksi ndiye anayenisikilizia. Mtu akisimama getini, anakuja kunivuta gauni. Akiwa mpita njia tu, Soksi humwacha aende zake.

Baada ya mabati hakujua tena nani anapita na nani anakuja. Kila kishindo, gauni. Natoka, hakuna mtu. Nikachoka, nikawa namkemea. Alhamisi alivuta mpaka pindo likachanika, nikamfungia jikoni. Kumbe ni mama yako mkubwa, na fimbo yake, anagonga mabati juani. Saa nzima! Jirani ndiye aliyemkuta amekaa chini, sauti imemkauka. Sasa anaendelea vizuri, lakini hilo limenikaa rohoni.

Jirani ameniondolea mabati mawili penye geti. Soksi namfunga kamba hapo, nami nakaa karibu naye.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utakuja kunihamisha. Na huko kwako ghorofani mbwa haruhusiwi.

Mama yako

6 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Mama mkubwa mwambie kosa ni langu, nitampigia magoti mwenyewe.

Barua yako nimeisoma karakanani. Mafundi wakadhani moshi umeniingia machoni, nikawaacha wadhani hivyo. Miezi yote hii nilikuwa nanuna kwamba hutaki kusikia sauti yangu.

Wavu nauchomelea mwenyewe. Matundu madogo, pua isipite. Kimo cha kifua chako. Chini utazama futi mbili, mawe juu yake, achimbe mpaka akome. Upande wa jirani mabati yabaki, huko hapiti mtu. Habari ya kuhama mimi siitaji tena; ukitaka kuitaja, itaje wewe.

Naleta wavu Ijumaa asubuhi. Sitapiga hodi. Nitasimama hapo penye uwazi mpaka Soksi akuite.

Mwanao