Vitambaa Saba vya Pazia la Jikoni

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.
Jumapili, tarehe 12.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na mapacha, na kwamba kile kikohozi cha baridi ulichokilalamikia kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Goti langu ndilo linalonikumbusha umri, na mke wangu amenikataza kupanda ngazi ya ghala mpaka litulie.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata, nikamsomea mama yako, Mama Mdogo wangu, mara mbili kama ulivyoagiza. Jibu lake lilikuwa lilelile: hawezi kuja kuishi kwako, kwa sababu baba yako akirudi atakuta mlango umefungwa. Nikamwambia ni miaka kumi na moja sasa. Akaniambia, "Wewe Karani, kuhesabu unajua. Kungoja hujui." Nikajua hapo hakuna la kuongeza.

Ulitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimekwisha kukuandikia kwamba usahau, lakini barua hiyo nimeichana. Nitakueleza sababu kwa mpangilio, kutoka kwenye shajara yangu, usije ukadhani nimetia chumvi.

Bado natoka na kikundi kilekile cha baba yako kila msimu wa kibali cha kuwinda. Tuko wanne: Mwindaji, mchinjaji, yule mbebaji tunayemwita Kobe, na mimi. Jumatatu tarehe 6 Mwindaji alimwangusha nyati dume ndani kabisa ya msitu, bondeni, pasipofika gari. Kumuua nyati ni kazi ya dakika moja. Kumtoa ni kazi ya siku mbili. Mchinjaji alimpasua tumbo palepale ili nyama ipoe, tukamkata mafungu kumi na mawili, tukayatundika kivulini. Kisha wawili wawili, fungu likining'inia kwenye mti wa mabegani, tukaanza kwenda na kurudi barabarani. Kobe alilalamika njia nzima kwamba nimempa upande wa mfupa. Nilipomwambia upande wake ndio mwepesi akajibu, "Sawa bwana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

Njia tuliiwekea alama kama baba yako alivyotufundisha: kitambaa kimoja kila hatua mia, kimo cha bega, mkono wa kulia wa anayetoka. Mwaka huu nilichana shuka la kijani. Vitambaa vilikuwa thelathini na kimoja, cha mwisho kwenye mti ulio ukingoni mwa barabara.

Sheria unaikumbuka. Anayetoka mwisho habebi nyama. Hubeba pembe, kamba na visu, na hufungua kila kitambaa anachokipita, asije mtu mwingine siku za mbele akafuata njia ambayo hakuna mtu mbele yake. Sisi tunasema anafunga njia. Ilikuwa kazi ya baba yako, na ndiyo aliyokuwa akiifanya siku ambayo hakutoka. Tangu hapo ni yangu.

Jumanne saa tisa alasiri wenzangu walitangulia na fungu la mwisho. Nikajitwika pembe, nikaanza kufungua vitambaa huku nikihesabu kwa sauti. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magoti ya miti. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Nilifika thelathini na kimoja, nikakifungua, nikainua macho nione gari.

Hapakuwa na barabara, Dada. Palikuwa na miti tu, na mbele yangu, hatua mia, kitambaa kingine.

Sikuogopa. Nilijilaumu. Nilidhani nimeruka hesabu, au Kobe ameongeza vyake kwa ujinga. Kile kitambaa kilikuwa cha bluu iliyopauka, lakini fundo lilifunguka kwa mvuto mmoja, kama limefungwa jana. Nikaenda kwa kingine, na kingine. Nilipofungua cha saba nilikikunjua kiganjani, nikaona ua jeupe. Hapo ndipo nilipolitambua. Ulikua ukiliangalia ua hilo kila siku ukiosha vyombo. Ni lile pazia la jikoni kwenu, ambalo Mama Mdogo alilichana ili baba yako apate vitambaa vya msimu ule.

Chini ya kitambaa cha saba palikuwa na mzigo. Pembe za nyati zimetundikwa kwenye tawi, kamba imekunjwa vizuri, na visu vitatu vimefungwa ndani ya ngozi. Mti wa begani ulikuwa umeegemezwa kwa namna ya mtu anayepumzika kidogo kabla ya kuendelea. Mfupa wa mtu sikuuona, wala nguo, wala kiatu.

Kisha nikasikia honi nyuma yangu, na Kobe akaja mbio akitweta. Nilimuuliza barabara iko wapi. "Si umefika barabarani? Tulikuwa tumekaa kwenye gari tunakuona. Umefungua kitambaa cha mwisho, halafu ukageuka kushoto kama mtu aliyeitwa. Tumekuita mpaka sauti zimekauka." Siku hiyo hakuwa na utani.

Mwindaji alikuja akavua kofia, akasema tusiguse kitu. Hatukugusa.

Nyumbani nilitoa shajara ya mwaka ule. Siku ya nne ya kumtafuta baba yako nimeandika kwa mkono wangu: "Kutoka kwenye mti wa barabarani kwenda kushoto, hatua elfu mbili, watu tisa tumeshikana mikono. Hakuna kitu." Nilikuwa mmoja wa hao tisa. Mzigo ule uko hatua mia saba.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa Mama Mdogo. Alivipokea vile vitambaa vya bluu, akavinyoosha juu ya paja kimoja kimoja. Nilidhani atalia.

"Umevifungua vyote?"

"Vyote saba."

"Nani alikutuma?"

"Ndiyo sheria, Mama. Anayetoka mwisho..."

"Wewe ndiye uliyetoka mwisho?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mwenye njia bado yumo, wewe unamfungia! Sasa atatokaje?"

Miaka yote hii nimejivunia kwamba sijawahi kuacha kitambaa nyuma, na baba yako mwenyewe alizoea kuniambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ukweli ni kwamba niliendelea kufungua kwa mazoea ya mikono, bila kujiuliza ninafungua cha nani.

Alitaka twende kuvirudisha. Jana, Jumamosi, Mwindaji alitupeleka kwa gari mpaka kwenye ule mti. Mama Mdogo aliingia msituni na fimbo yake, vitambaa vya bluu vikiwa kifuani. Mimi nilimfuata nikihesabu hatua kimoyomoyo.

Kwenye hatua ya mia tulikuta kitambaa kimefungwa. Kwenye mia mbili kingine. Vilikuwa saba, kimo cha bega, fundo lile la baba yako la mkono wa kushoto ambalo sote tulishindwa kuliiga. Rangi yake ilikuwa kijani.

Mzigo haukuwepo. Pembe, kamba, visu na mti wa begani, vyote vimeondoka. Udongo ulikuwa laini kama unga uliokandwa, nami niliukagua kwa uangalifu. Palikuwa na nyayo zangu, za Kobe na za Mwindaji za Jumanne, basi.

Mama Mdogo alikaa juu ya gogo. Halafu akacheka, Dada. Kicheko kile cha zamani, cha kutikisa mabega. "Baba yenu huyo," akasema. "Hakuna kazi anayomwachia mtu. Amejitwika mzigo wake." Tukiwa njiani kurudi, ndani ya gari, akaniambia nikuandikie kwamba atakuja. Tiketi ikate.

Vile vitambaa vyangu thelathini na kimoja nilivifungia kwenye droo ya meza yangu Jumanne ileile, na ufunguo nalala nao. Jana usiku nilivihesabu mara tatu. Viko ishirini na vinne.

Ndani ya bahasha utaona kitambaa kimoja cha bluu. Vingine sita atakuja navyo mwenyewe. Anakuagiza ukifunge kwenye mlango wako, kimo cha bega, mkono wa kulia wa mtu anayetoka, ili baba yako ajue mmehamia wapi. Nilimwuliza kama ana hakika unataka hivyo. Alinitazama kama nimeuliza kama unataka maji. Mimi nimetimiza ujumbe. Mlango ni wako.

Mke wangu anakusalimu sana. Kobe anasema mapacha wakija atawafundisha kubeba. Nisalimie shemeji, umwambie redio aliyoitengeneza bado inaimba. Mungu awazungushie ulinzi, na kila anayetoka kwako asubuhi arudi jioni kwa miguu yake.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye kama tulivyokuwa chini ya paa moja,

Karani.

Nyongeza, Jumatatu asubuhi. Nilipita kwa Mama Mdogo kabla ya kwenda posta. Alikuwa bado amelala, na mlango umekomewa kwa ndani. Kwenye mwimo wa mlango, kimo cha bega, mkono wa kulia wa anayetoka, pana kitambaa cha kijani. Nimerudi nyumbani nikafungua droo. Viko ishirini na vitatu.

Kile cha mlangoni sikukifungua.