Kiraka cha Dumu la Maji

Jumamosi. Jua kali tangu asubuhi hapa Somanda. Naandika ili moyo utulie.

Binti yangu Minza amekuja kwangu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mimba ina miezi saba. Kazi yake ni kuunga plastiki sokoni: ndoo, mabeseni, viti, madumu. Jana dumu letu la maji ya kunywa lilipasuka ubavuni, akataka kuliunga mwenyewe. Nikamwambia kaa mwanangu, moshi ule haumfai mjamzito. Nielekeze tu, mikono ninayo.

Akanielekeza toka mlangoni, anacheka. "Mayu, mama yangu, usipake kama siagi! Yayushe yote mawili, dumu na kiraka, yaingiane. Na kiraka kiwe cha plastiki ya aina ileile, la sivyo kitabanduka."

Nikapasha kisu kwenye mkaa. Kipande cha beseni kikabanduka. Cha ndoo nacho hivyohivyo. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaokota kidumu cheupe, nikakata, nikakisuuza. Hicho kikashika. Kiliingiana na dumu kama uji na uji.

Nikajaza maji. Halikutoka hata tone. Minza akanywa vikombe viwili, akanipigia vigelegele. "Mayu fundi!"

Leo mchana baba Minza akaingia na kile kidumu mkononi. "Nani kakata kidumu changu cha dawa ya wadudu wa pamba?"



Hakikuwa na karatasi ya maelezo. Hata kingekuwa nayo, Kiingereza cha dawa sikijui. Lakini harufu je? Nilidhani ndivyo plastiki inavyonuka ikiungua.

Hapana, niseme kweli. Niliisikia, nikaitilia shaka, ila kiraka kilikuwa kinashika na Minza ananitazama. Nikanyamaza.

Leo pia nilitaka kunyamaza. Nimwage maji kimyakimya, basi. Niliona aibu, fundi wa jana. Nikalitazama tumbo lile, nikamwambia yote.

Akaacha kucheka. "Twende hospitali, mayu."

Nesi alimpima, akasikiliza, akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri. Mimi akanigombeza mpaka nikainama. Akasema Minza akitapika, akitokwa jasho jingi au kichwa kikimuuma, tumrudishe palepale.

Basi tangu turudi namchungulia tu. Akijifuta uso nauliza, ni jasho hilo?

"Mayu, ni jua! Hata wewe unatoka jasho."

Akilala nasimama karibu nisikie anavyopumua. Mungu wangu, nilimkinga na moshi nikamnywesha sumu?

Dumu nimelimwaga. Nimelitoboa kwa kisu kilekile, mtu asije akalitekea maji tena. Nilianzia kwenye kiraka, kisu kikakataa. Ikabidi nitoboe pembeni.

Nimekiunga vizuri kweli.

Laiti kingevuja.